Filumena na Taa ya Chini ya Maji

"Filumena," Stiena alimwuliza siku moja, wamekaa kibarazani kila mmoja na mto wake wa kufumia lesi, "miaka yote hii unampelekea mtakatifu mafuta. Yeye amekupa nini?"

Stiena hakuuliza kwa ubaya. Ndivyo alivyo jirani yule, neno likimfika mdomoni halilali. Vidole vyake viliendelea kurusha vijiti vya uzi kulia na kushoto, tak, tak, tak, kama mtu aliyeuliza bei ya nyanya. Lakini Filumena alikosea fundo, na kwa kukosea fundo ikambidi afumue ua zima alilolianza asubuhi.

"Amenipa jirani mwenye maneno mengi," akasema mwishowe.

Stiena alicheka mpaka kijiti kikamponyoka. Filumena hakucheka. Aliingia ndani, akaweka kahawa jikoni, akaisahau mpaka ikachemka ikamwagika.

Nyumba yake ndiyo ya mwisho kijijini, pale barabara ya lami inapogeuka njia ya mashambani. Ukiifuata njia hiyo kati ya kuta za mawe na vichaka vya mpungate unafika kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Dimitri, limesimama peke yake karibu na majabali, na baada ya hapo ni bahari tu. Kila Jumamosi alasiri Filumena aliifuata njia hiyo na chupa ya mafuta kwapani. Mama yake aliifuata kabla yake. Kanisani aliijaza taa, akafuta vumbi kwenye fremu ya picha, akapiga magoti. Pichani mtakatifu yuko juu ya farasi, na chini yake amepiga magoti bibi kizee ambaye kila mtoto wa kisiwa cha Gozo anamjua, Zgugina.

Zgugina alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Maharamia walikuja na mashua zao wakamchukua. Yule mama hakukimbilia kwa gavana wala kwa askari. Alikimbilia kanisani akamwambia mtakatifu wa pichani, nirudishie mwanangu, nami nitakuwashia taa ya mafuta. Farasi akatoka ukutani. Akakata bahari kama mtu anavyokata shamba, na kabla nyota hazijajaa mtoto alikuwa mlangoni kwa mama yake. Zgugina akaiwasha taa, na hakuiacha izime maisha yake yote. Baadaye sana ardhi ilitikisika, na lile kanisa la zamani, lililotangulia hili la sasa, likateleza likaingia baharini zima zima, bila kuvunjika hata vigae vyake. Wavuvi husema taa bado inawaka huko chini.

Mama yake Filumena hakusema "husema". Yeye alisema ameiona. Baba alikuwa Australia akikata miwa, barua zimekatika, watu wameanza kumpa mama pole za chinichini. Jioni moja, akikusanya mbuzi karibu na majabali, akaona mwanga wa manjano ndani ya maji, umetulia, hautikiswi na wimbi. Haukupita muda baba akashuka kwenye meli pale bandarini Mgarr na sanduku la mbao, mwembamba kama ufito. Filumena alikuwa mdogo, lakini sanduku lile analo mpaka leo, anawekea nyuzi.

Naye sasa ana mwana Australia. Anglu alikwenda kijana, kutandika vigae Melbourne, kwa muda tu. Akaoa huko, akajenga huko. Alikuja mara moja tu, kumzika baba yake, na hata makaburini simu ilikuwa inamlilia mfukoni. Tangu hapo ni mwakani. Mwakani, Mama. Safari hii mambo yamebana, mwakani bila shaka. Filumena alilichukia neno hilo kuliko tusi. Alisema lina kiti chake mezani, linakula naye kila sikukuu.

Ndiyo maana swali la Stiena lilimchoma. Kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuliuliza, kimoyomoyo, pale anapopiga magoti. Zgugina aliomba mara moja. Mimi nimeomba mpaka magoti yameota sugu, na wewe farasi wako hata mkia hatikisi.

Jumamosi iliyofuata alichelewa kutoka kanisani. Jua lilikuwa limezama, anga bado jekundu upande mmoja. Alisogea mpaka mwisho wa majabali, mahali pale pale alipoonyeshwa na mama yake utotoni, akatazama chini kwa mazoea tu, kama mtu anayeangalia sanduku la barua akijua ni tupu.

Taa ilikuwa inawaka.

Ilikuwa ya manjano. Ilikuwa ndani ya maji, imetulia, karibu na ukuta wa jabali. Filumena alikaa kitako juu ya mawe. Hakusali. Alisema tu, "Nisamehe, nisamehe, nisamehe," akakumbuka kwamba chupa tupu bado iko kwapani, akaicheka chupa.

Alipofika nyumbani alipiga simu kabla hata ya kuvua shali.

"Mama?" Sauti ya Anglu ilikuwa nzito ya usingizi. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimeiona taa."

"Taa gani?"

"Ya Zgugina. Baharini. Kwa macho yangu, Anglu, kama ninavyoiona meza hii."

"Mama, huku ni alfajiri."

"Bibi yako aliiona, babu yako akarudi. Wewe unarudi lini?"

Akamsikia akihema. Akamsikia mkewe akiuliza kitu, naye akimjibu kwa Kiingereza, ni Mama tu. Kisha akasema, taratibu, kama zamani alipokuwa mtoto mwenye homa, "Haya, Mama. Nitaongea na bosi. Tuangalie Agosti."

Kati ya maneno hayo yote Filumena alishika moja, Agosti.

Stiena alipoambiwa aliweka vijiti chini, jambo ambalo halijawahi kuonekana. "Nisamehe maneno yangu," alisema. "Mdomo huu siku moja nitaushona." Na kwa kuwa hakuushona, kufikia saa ya misa ya asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimepata habari.

Basi yakawa maandalizi. Filumena alipaka chokaa chumba cha Anglu, ukuta wa juu akipanda ngazi mwenyewe huku Stiena akishikilia chini na kumwombea kwa sauti. Alinunua godoro mjini, likaja limefungwa juu ya gari la mkate. Alichagua sungura wawili akawatenga na wenzao, akawapa majani mabichi tu. Wanawake walipita kuangalia, wakabonyeza godoro kwa viganja, wakasema ni zuri, ni gumu kiasi, mgongo wa mtandika vigae utalifurahia.

Mwezi wa saba ukiwa katikati, walikuja mke na mume watalii, wamebabuliwa na jua, wakitafuta kitambaa cha meza. Kiingereza cha Filumena kilitosha kuuzia lesi. Mwanamke alichagua. Mwanamume, kwa kukosa la kufanya, akatoa simu akamwonyesha picha.

Kulikuwa na maji meusi, na katikati ya maji mwanga wa manjano.

"Mmeiona," Filumena akasema. Mkono ulimwenda kifuani. "Na nyinyi mmeiona."

"Jana," mwanamume akasema. "Na rafiki zetu wiki iliyopita. Mashua ya Lonzu, inatokea ufukwe wa Dwejra. Safari ya machweo. Ni nzuri sana, hukosi kuiona."

"Hukosi?"

"Hapana. Kila jioni ipo. Tuliuliza kabla ya kulipa."

Filumena alikifunga kitambaa kwenye karatasi. Alikifunga vibaya, akakifungua, akakifunga tena. Watalii waliondoka wakimpungia mkono. Yeye alibaki amesimama na mkasi mkononi. Alikuwa anajaribu kumfikiria mtakatifu ambaye kila jioni, jua likizama, anawahi kazini.

Lonzu ni mtoto wa kaka yake. Alimlea nusu ya utoto wake, kwa kuwa mama mtu alikuwa mgonjwa. Asubuhi iliyofuata alipanda basi mpaka Dwejra akamkuta ameinama juu ya injini, mikono myeusi ya grisi.

"Shangazi. Umekuja kuogelea?"

"Taa ni yako?"

Lonzu hakuuliza taa gani. Alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akitafuta maneno.

"Ni taa ya wapiga mbizi," akasema. "Nimeifunga na jiwe, nikaitia ndani ya mtungi wa kioo cha manjano. Betri inadumu siku nyingi. Unajua ilivyokuwa ngumu kupata kioo cha manjano?"

"Unawadanganya watu."

"Simdanganyi mtu. Nawahadithia habari za Zgugina kama ulivyonihadithia wewe. Nasema, wavuvi husema taa bado inawaka. Halafu nazima injini. Basi. Wakitazama chini, macho ni yao."

"Ungekuwa karibu ningekuzaba kofi."

"Niko karibu, Shangazi."

Hakumzaba. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ghafla amechoka.

"Tazama pale," Lonzu akasema, akionyesha mahali ambapo zamani lilisimama Dirisha, lile tao kubwa la jiwe ambalo dunia nzima ilikuja kulipiga picha mpaka dhoruba ikaliangusha. "Mpaka leo wanashuka kwenye basi wanauliza, Dirisha liko wapi? Nawaambia lipo, liko chini ya maji. Wanataka niwaonyeshe nini, hewa? Wenzangu wawili wameuza mashua. Mimi nina mashua na hadithi yako tu."

"Ungeniambia."

"Nilijua utakataa."

"Lonzu, mimi nimeiona ile taa nikampigia simu Anglu. Nimepaka chokaa. Nimenunua godoro."

Hapo ndipo Lonzu alipoacha kufuta mikono. Habari za godoro alizisikia kama wote, lakini alidhani, alisema, kwamba Anglu ndiye aliyetangulia kusema atakuja, na taa ikafuata. Watu walivyohadithia ilikuwa hivyo. "Sikujua, Shangazi. Naapa."

"Usiape. Umeshawasha vya kutosha."

Kutoka hapo alikwenda kwa Padre Mikiel. Zile saa mbili za ukutani kwenye mnara wa kanisa la kijijini, ile ya kweli na ile iliyowekwa majira ya uongo kumchanganya Ibilisi, zilimtazama akivuka uwanja, moja ikimwambia amewahi, nyingine amechelewa. Padre alimsikiliza vizuri, akampa biskuti. Kisha akasema jambo la kusikitisha, kwa sababu lilikuwa na akili. Alisema tangu safari za Lonzu zianze, watu wanapanda mpaka kanisani kumwona mtakatifu mwenyewe, wengine wasio na dini kabisa. Alisema juzi amemkuta Mjerumani analia mbele ya picha.

"Analilia taa ya betri, Padre."

"Analilia mama na mtoto, Filumena. Betri imemfikisha tu."

"Na mimi imenifikisha wapi?"

Padre Mikiel alimsogezea sahani ya biskuti.

Ukweli ni kwamba aliendelea kutumaini hata hivyo. Taa ilikuwa ya uongo, sawa, lakini Agosti ilikuwa imetamkwa. Mungu ana njia nyingi. Pengine amepita hata kwenye mtungi wa Lonzu. Alijishika na hilo kama mtu anayening'inia kwenye kamba asiyotaka kuitazama imefungwa wapi. Hakumwambia Stiena. Hakumwambia mtu.

Anglu alipiga simu mwenyewe, siku chache kabla ya sikukuu ya Mama Maria ya katikati ya Agosti. Kwa jinsi alivyoanza kuuliza habari za sungura, Filumena akajua.

"Mama, bosi amepata jengo kubwa. Nikiondoka sasa..."

"Mwakani," Filumena akamsaidia.

"Mwakani bila shaka. Mama? Umekasirika?"

"Nimechoka, mwanangu."

"Si ulisema umeona taa? Taa si haina tarehe?" Alikuwa anajaribu kumchekesha. "Pengine ilikuwa inasema mwakani."

Ni hapo tu, katika mambo yote, Filumena aliponyong'onyea. Angeweza kumwambia taa ni ya Lonzu. Hakumwambia. Alisema salamu kwa mkeo, akaweka simu chini, akatoka.

Stiena alikuwa mlangoni kwake. Alimwona uso akaelewa, na ungemdhani safari hii atanyamaza.

"Na godoro lile jipya," akasema.

"Lalia wewe, Stiena."

Alitembea njia ya kanisani haraka kuliko miguu yake ilivyoruhusu. Hakubeba mafuta. Kanisani hakuingia, alipita mlango wake kama unavyompita mtu mliyegombana. Jua ndiyo kwanza limegusa maji. Mashua ya Lonzu ilikuwa chini, imejaa, na sauti yake ilipanda kidogo kidogo pamoja na upepo, inasimulia habari za maharamia. Injini ikazimwa. Kule kando ya jabali mwanga wa manjano ukaonekana, na watalii wakasema aaah kwa pamoja.

Filumena aliokota jiwe akalitupa.

Lilianguka mbali na mashua, mbali hata na taa, likatoa sauti ndogo. Akaokota kubwa zaidi. Hilo lilipiga maji karibu na mwanga. Mwanga ukavunjikavunjika vipande, ukacheza, kisha vipande vikarudiana taratibu vikawa taa tena. Hilo lilimkasirisha kuliko yote. Akatupa la tatu, akatupa udongo, akatupa kitu ambacho baadaye aligundua kilikuwa miwani yake.

"Shangazi," sauti ya Lonzu ikapanda kutoka chini, tulivu, kama anayeongea na ng'ombe aliyeingia shambani kwa mtu, "kuna watu huku."

Baadhi ya watalii walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya safari.

Asubuhi Lonzu alikuja. Hakubisha, ufunguo ulikuwa mlangoni kwa nje, kama kwa kila mtu kijijini, akauzungusha akaingia. Miwani alikuwa nayo mfukoni, kioo kimoja kimepasuka. Alipiga mbizi kuitafuta. Aliiweka mezani, akakaa kwenye kile kiti cha pembeni ambacho Filumena huwa anakiita cha Mwakani.

"Ungeweza kumpasua mtu kichwa."

"Nilikuwa natupa mbali."

"Wewe hujui kutupa, Shangazi, ndiyo maana naogopa." Akanywa kahawa. Alikuwa hajalala vizuri, na alikuwa amekuja na hotuba, ilionekana, lakini ilikuwa imempotea njiani. "Unataka niing'oe. Sema basi. Nitaing'oa, niuze mashua, nami niende Melbourne nikatandike vigae na Anglu. Tutakupigia simu pamoja."

Filumena alichukua miwani, akaijaribu. Kupitia kioo kilichopasuka, mtoto wa kaka yake alikuwa na pua mbili.

"Watalii wako siwajali," akasema. "Waonyeshe unachotaka. Waonyeshe farasi kama utampata."

"Kumbe nini basi?"

"Mama yangu alipoiona taa, bahari nzima ilikuwa giza. Hapakuwa na kitu kingine. Ndiyo maana alijua." Alitafuta maneno, hakuwa amezoea kuongea habari hizi na mtu asiye ukutani. "Sasa mimi nakwenda pale nakuta yako inawaka. Kesho inawaka. Keshokutwa inawaka. Siku mtakatifu akiwasha ya kwake nitajuaje? Umenizibia, Lonzu. Umekaa mbele ya mlango."

Lonzu alitazama ndani ya kikombe. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, na godoro lilionekana, bado limevaa karatasi yake ya dukani.

"Na usipoona kitu?" akauliza, kwa upole, kwa sababu aliogopa jibu. "Shangazi, tuseme nimezima, nawe umekwenda, ukatazama, na kuna maji tu?"

"Hilo ni langu mimi na yeye."

"Betri nabadilisha Jumatatu..."

"Sijakuuliza betri."

Nje vijiti vya Stiena vilikuwa vimenyamaza. Alikuwa anasikiliza, na hakujificha. Filumena alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya lile sanduku la mbao la baba yake.

"Jumapili huna safari," akasema. "Jumapili izime."